Udongo Kwenye Kikombe cha Bati

Ilongero,
4 Februari 2025

Mwanangu Eliana,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujafungua bahasha. Sisi huku tuzima. Uwele umefika kiunoni, alizeti ya upande wa bonde imechelewa, na yule kuku mwekundu ameanza kutaga chini ya kitanda changu na amekataa kuhamishwa. Kwa hiyo chumbani siku hizi tuko wawili, na yeye ndiye mwenye nyumba.

Nakuandikia, sikupigii. Kwenye simu nikianza tu jambo unasema "usijali mama", halafu mtandao unakata, nami nabaki kama mtu aliyeshika mpini, jembe limebaki shambani. Barua haikatizwi. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini barua yangu hakuna aliyewahi kunirudishia.

Sasa hilo la Rwanda. Uliponiambia kuna mkutano wa watu wa miti ya mijini, na wewe umeitwa usimame useme habari ya miti yako ya Dodoma, nilifurahi. Nilimwambia jirani Kristina, "Miti ya mjini nayo ina mkutano, ya porini nani ameiita?" Tulicheka. Ulipofika kwenye neno ndege, kicheko kikaniisha.

Eliana, mimi nina mtoto mmoja. Baba yako aliondoka na lori la vitunguu, akaniambia neno hilo hilo, usijali, hakurudi tena. Nawe unataka upande kitu ambacho kikiharibika hata pa kusukumia hapana. Basi likizimika abiria wanashuka wanasukuma. Ndege utashukia wapi?

Ulisema kwa mdomo wako kwamba njia ziko mbili: kuna watakaokwenda Kigali wenyewe, na kuna watakaohudhuria kwa mtandao, mtu amekaa kwake anaonekana na anasikika. Sasa kama anaonekana na anasikika, kimebaki nini? Kaa Dodoma, mwanangu. Funga mlango, vaa vizuri, sema nao, maliza, kula, lala. Nakuomba. Sikuamuru, maana umeshakuwa mtu mzima. Nakuomba.

Barua hii ameibeba Idrissa wa bodaboda hadi stendi ya Singida, ataikabidhi kwa kondakta. Jibu kwa njia hiyo hiyo.

Mama yako anayekuwaza,
Febronia


Dodoma,
9 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua nimeipokea ikiwa na harufu ya mafuta ya taa, nikajua imeandikwa mezani kwetu.

Mama, tulia. Nimekwisha kuwaandikia wenye mkutano kwamba nitahudhuria kwa mtandao. Sipandi ndege. Wanaokwenda na wanaobaki wote ni sawa, hakuna nitakachokosa.

Nitasema yale ninayokuambiaga. Kwamba hapa tulipanda miche mingi kandokando ya barabara, kiangazi kikaja ikafa karibu yote, isipokuwa ile iliyo mbele ya mama lishe. Nikakaa nikaangalia kwa nini. Kumbe wateja wananawa mikono na maji yanakwenda kwenye shina. Sasa tunapanda kwa kufuata mahali watu wanapokula. Unakumbuka mjohoro wa mjomba Alphonce pale mgahawani kwake Shelui? Tangu nikiwa mdogo nilimwona akiweka ndoo ya kunawia chini ya mti wake, kila dereva wa lori ananawa pale. Mti ule umenyweshwa na madereva wa nchi nne. Nitamtaja.

Msalimie kuku mwekundu. Na usibebe kuni peke yako.

Mwanao,
Eliana


Ilongero,
16 Februari 2025

Mwanangu,

Asante, asante, asante. Niliposoma nililia kidogo na kuku akatoka chini ya kitanda kunitazama.

Sasa nina maswali, usinicheke. Hao wanaohudhuria kwa mtandao, wakati wa chakula wanakula nini? Wenzao huko si watakuwa wanapakuliwa? Isije ikawa wanakuona unawaangalia wakila. Pika mapema. Halafu wataona nyumba yako? Ule ukuta wenye doa la maji tundika kitenge, kile cha njano nilichokupa. Na ukimaliza kusema usizime ghafla, waage. Mtu mgeni haondoki kama mwizi.

Nakuletea kuku wa kukaanga na karanga kwa kondakta wa leo. Kuku huyu si mwekundu, usihuzunike.

Kaka yangu Alphonce haendelei vizuri. Wifi Agnes amenipigia, anasema anahema kwa shida, hata mgahawani hatoki, madereva wanamwulizia. Nilitaka niende Shelui wiki hii nikamwone, lakini palizi imenikaba, nyasi zimenizidi. Nitakwenda nikimaliza upande wa bonde. Kaka yangu ananijua, hatachukia. Nimemwongelesha kwenye simu akaniambia, "Febronia, mdogo wangu, usije na mikono mitupu, niletee uwele mpya." Uwele haujakomaa bado. Nimemwambia asubiri.

Mama yako,
Febronia


Dodoma,
23 Februari 2025

Mama,

Shikamoo na pole. Pole sana mama yangu. Nimekupigia nimeshindwa kuongea, ndiyo maana naandika.

Siku ile nilikuwa Kondoa kufuata miche, simu haishiki. Nimefika barabarani jioni, ujumbe wa dada Magreth wa mjomba ukaingia, wa kwanza unasema mjomba amefariki, wa pili unasema wamekwisha kuzika. Zote mbili kwa mlio mmoja. Nilikaa juu ya mawe kando ya gari, Peniel, mwenzangu wa kazini, akaniletea soda nikashindwa hata kuifungua.

Sikuwepo kumzika mjomba aliyeninunulia viatu vya shule. Wewe angalau ulikuwepo. Niambie ilikuwaje. Niambie mama, alizikwa vizuri?

Eliana


Ilongero,
28 Februari 2025

Eliana mwanangu,

Nimeshapoa, sasa naweza kuandika.

Sikuwepo. Nilihudhuria kwa simu.

Uliniuliza ilikuwaje, nikuambie. Magreth alinipigia asubuhi ya kuzika, akasema, "Shangazi, kwa kuwa huwezi kufika, nitakushikia simu, utaona kila kitu." Nikasema haya, kama Eliana anahudhuria mkutano mzima kwa njia hii, mimi nitashindwaje msiba? Nikaoga, nikajifunga khanga, Kristina akaja akakaa na mimi, tukaegemeza simu kwenye chungu. Nilikaa mkekani kama tunavyokaa msibani.

Niliona viatu. Niliona viatu vingi, mwanangu, sijui vya nani. Halafu anga. Halafu mgongo wa mtu mwenye koti la kahawia, huyo nilimwona muda mrefu mpaka nikamzoea. Sauti ya mwinjilisti ilikuwa inakuja vipande vipande. Alisema "ndugu yetu Alphonce alikuwa", halafu kimya, halafu "amina". Katikati hapo alikuwa nini? Sijui mpaka leo.

Na kuku mwekundu akaingia, akapanda mkekani. Nikamfokea, "Wee! Toka hapa, huna adabu!" Kumbe na wao wananisikia. Magreth anasema mwinjilisti alinyamaza, watu wakageuka wakatazamana, mzee mmoja akavua kofia akidhani ni yeye. Wifi Agnes katika kilio chake akacheka. Hilo moja namshukuru Mungu, nilimpa wifi yangu kicheko.

Lakini ilipofika kuweka udongo, Eliana. Unajua sisi, mtu wako hujamzika mpaka umemwekea udongo kwa mkono wako. Niliona watu wanainama. Nami nikatoka, nikachota udongo hapo uani penye minyaa, udongo wa nyumba aliyozaliwa yeye na mimi, nikarudi upesi mbele ya simu nimeushika. Wakati huo huo Magreth naye ikawa zamu yake. Akatia simu mfukoni ili aweke wa kwake. Simlaumu, ni baba yake. Ila mimi nikabaki natazama giza, na ndani ya giza nasikia udongo unaanguka. Pu. Pu. Na wangu uko mkononi.

Nikamwuliza Kristina, "Huu nautupa wapi?" Nikauweka kwenye kikombe cha bati cha baba yako, nikakifunika na sahani. Uko hapo dirishani. Siwezi kuumwaga wala siwezi kuutazama.

Sasa nisikilize. Juzi Peniel wako alipitia hapa akienda kwao, ameniletea sukari uliyompa. Nimempa uji, nikamwambia, "Mwenzako amefanya vizuri kubaki, hakuna anachokosa." Peniel akaacha kunywa. Akasema, "Mama, hakukuambia?" Kijana yule mdomo wake ni lango lisilo na komeo, lakini safari hii nimemshukuru. Ameniambia kwamba huko Kigali wanachagua miji ya kusaidiwa vitalu vya miti, na wewe umeandika jina la Singida. Kwamba ikichaguliwa utahamia Utemini, hapo Singida mjini, saa moja kutoka kwangu. Na kwamba miji haichaguliwi ukumbini, inachaguliwa kwenye foleni ya chai, watu wakiwa wanaongea wamesimama. Kwamba wa mtandaoni wakati wa chai wanazimiwa.

Ukaniandikia "hakuna nitakachokosa". Eliana!

Nenda. Nimekuomba ubaki, sasa nakuomba uende. Hofu yangu haijapungua hata chembe, usidhani nimekuwa shujaa. Ila nimeona kukaa mbele ya simu mkono umejaa na huna pa kuweka. Sitaki nawe ukae hivyo.

Nenda hata kwa ndege. Mimi nitakaa chini na kuku nitaomba mpaka utakapotua.

Mama yako,
Febronia


Dodoma,
4 Machi 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama stendi, nikairudia nyumbani nimekaa.

Nisamehe kukuficha. Niliona nikikuambia utabeba mzigo wa kunizuia, na una mizigo ya kutosha.

Nafasi yangu ya ndege wamempa mtu mwingine, niliwaachia mwenyewe. Lakini nimewaandikia tena, wamesema kama naweza kufika kwa njia yangu kiti changu cha kusemea kipo bado. Nami nitafika. Nakwenda kwa basi.

Usishtuke, endelea kusoma. Basi la Kigali linapita wapi mama? Linapita Singida. Linapita Shelui.

Na sasa zamu yangu kukufokea. Peniel huyo huyo alivyorudi ameniambia kwamba ulitoka kumpokea umeshika fimbo ya mchungaji, na goti limevimba kama boga. Nikamwuliza, akasema Mama alisema ameteleza zizini tangu mwanzo wa Februari. Palizi! Nyasi zimekuzidi! Mama, hukwenda kumwona mjomba kwa sababu huwezi kutembea, ukanidanganya ni nyasi. Ulijua ningeacha kila kitu nije. Sawa, umejua vizuri, na mimi nimejua ulichojua. Tumelipana.

Nimepanga hivi. Tarehe 8 nitapanda basi la asubuhi la Dodoma, nitashuka Singida. Idrissa atakuleta stendi kwa bajaji ya rafiki yake, si bodaboda, nimeshaongea naye. Tutapanda pamoja hadi Shelui. Utaegemea bega langu. Tutalala kwa mkaza mjomba Agnes, na kesho yake jioni nitadaka basi la Kigali hapo hapo barabarani.

Njoo na kikombe.

Eliana


Ilongero,
6 Machi 2025

Eliana,

Wewe umerithi ukaidi wa nani, maana mimi ni mtu mpole.

Goti si boga. Ni chungwa. Huyo Peniel akirudi hapa hapati uji.

Sijapanda basi tangu baba yako aondoke. Umefikiria hilo? Najua umefikiria, ndiyo maana hukuliandika.

Kuku ataachwa kwa Kristina, ingawa hawapatani. Uwele wa kwanza wa upande wa juu umekomaa kidogo, nimevunja masuke machache nikayakaushia paani jikoni. Kaka alisema nisije na mikono mitupu.

Nitakuwa stendi tangu asubuhi. Ukichelewa usiseme neno lile.

Mama


Kigali,
11 Machi 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, nimeoga, nimekula, nina kitanda chenye mashuka meupe, nimefunga mlango kwa ufunguo mara mbili. Nimeyaandika hayo mwanzoni ili upumue.

Barua hii nampa Nathan, yule dereva mrefu anayekula mgahawani kwenu hapo Shelui. Nimemkuta anapakua mzigo huku, akanitambua yeye. "Si wewe uliyekuja na yule mama wa fimbo?" Anarudi Shelui kesho.

Mama, tangu nilipokuacha barabarani nakuona vile ulivyokaa kaburini. Nilidhani utalia. Kumbe ulianza kumfokea mjomba. "Umeona haraka gani? Si nilikuambia usubiri uwele?" Halafu ukafunua kikombe. Udongo ulikuwa umekauka ukawa bonge moja, ukakataa kutoka. Ukagonga kikombe, ukagonga, mkaza mjomba akasema "lete kisu", ukasema "kisu hakiingii hapa", ukatia kidole ukaukwangua taratibu, punje kwa punje, mpaka bati likang'aa. Tulikaa tunakungoja, hakuna aliyekuharakisha. Nami ukanigawia nusu nikaweka kwa mkono wangu. Nilikuwa nimejiambia kwamba nimeshapoa. Nilikuwa sijaanza hata kulia.

Na kwenye basi, kutoka Singida, ulinishika mkono hadi vidole vikafa ganzi. Sikukuambia wakati ule, nakuambia sasa. Ungenishika mpaka Kigali ningekubali.

Mkutano umeanza leo. Ukumbi mkubwa, baridi kama Machi si Machi. Wale wa mtandaoni wanaonekana ukutani, nyuso ndogo ndogo kwenye visanduku. Kuna mama mmoja wa huko ukutani alikuwa anapunga mkono anataka kuuliza swali, anapunga, anapunga, na mwenye kipaza sauti amempa mgongo. Nilisimama nikamwita mwenye kipaza sauti, nikamwonyesha. Nilikuwa nakuwaza wewe na simu yako kwenye chungu.

Kwenye foleni ya chai sikujua niseme nini. Watu wanacheka, wanajuana. Nilishika kikombe nikajifanya nasoma ukuta. Halafu nikakumbuka karanga zako mkobani. Nikazitoa nikamkaribisha aliye mbele yangu, kama tunavyofanya tu. Akageuka, akachukua, akaita mwenzake. Sasa wananiita Mama Karanga, na kesho wote wamesema watakaa mbele.

Nasema kesho kutwa saa nne asubuhi ya huku, kwenu saa tano. Dada Magreth nimemtumia njia ya kuona kwenye simu. Naogopa mama. Nimeandika "naogopa" hapa ili nisilibebe kesho.

Paka dawa gotini.

Eliana wako


Shelui,
15 Machi 2025

Mwanangu Eliana, Mama Karanga,

Marahaba mara mia. Nathan ameleta barua jana, amekula ugali wa bure kwa amri ya wifi Agnes. Goti limenywea, sasa ni ndimu. Wananikalisha hapa mgahawani chini ya mjohoro wa kaka, mguu juu ya kigoda, nachambua mboga na kupokea salamu za madereva. Kila anayekuja kunawa namwambia, "Sogea karibu na shina." Wifi anasema nimemrithi marehemu.

Sasa nikusimulie siku uliyosema, maana wewe ulikuwa kule, hukujiona.

Tangu asubuhi hapakupikwa cha maana. Magreth aliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Tukawa mimi, wifi Agnes, Magreth, madereva wawili, na mama muuza vitunguu wa jirani ambaye hakualikwa. Mimi nilisema sitaki kutazama. Niliapa baada ya yale ya kuzika kwamba kioo na mimi basi. Nikageukia barabarani. Wifi akaniambia, "Haya, kaa hivyo, mtoto wako anatokea." Nikageuka.

Ulitokea mdogo, mwanangu, kama punje ya mtama. Gauni la bluu, sawa. Nywele, sawa. Umesimama umeshika karatasi, na karatasi inatetemeka, mimi niliiona hata kama wengine hawakuiona. Halafu nikaona kola.

Kola ya koti lako, upande wa kushoto, imesimama kama sikio la punda!

Nikasema, "Kola!" Wakasema, "Shangazi, nyamaza, anaanza." Nikasema, "Kola yake jamani, mtu ataanzaje na kola hivyo, hakuna mtu huko?" Wamekaa watu ukumbi mzima na hakuna mtu. Miaka yako yote ukitoka kwenda shule nilikukunjia kola mimi. Mkono ukanyooka wenyewe, Eliana, sikuutuma. Ukanyooka mpaka kwenye simu, kidole kikagusa kioo pale pale kwenye kola.

Ukapotea. Pakatokea watu wanacheza mpira.

Sijawahi kufokewa hivyo tangu nizaliwe. Magreth, "Shangazi, umegusa!" Wifi, "Febronia, umemfukuza mtoto!" Mama muuza vitunguu naye akatia neno, yeye ambaye hakualikwa. Mimi nimekaa nimeshika kidole changu kama kimeungua. Nikawaza, basi, ni yale yale. Mkono umejaa, na pa kuweka hakuna.

Magreth akabonyeza, akabonyeza, ukarudi. Ulikuwa hujaanza, walikuwa wanakurekebishia kipaza sauti. Kola bado imesimama. Ndipo nikaona mkono.

Ulitokea pembeni, mkono wa mtu mzima mwanamke, una bangili nyekundu tatu. Uso sikuuona. Mkono ukafika shingoni kwako, ukaishika ile kola ukaikunja, ukailaza, ukakupiga begani mara mbili kama anayefunga unga kwenye mfuko. Nawe hukushtuka, hukugeuka. Ulitabasamu tu. Na karatasi ikaacha kutetemeka.

Hapo nikakaa. Nilikuwa nimesimama bila kujua, na goti lote hili. Uliyoyasema sikuyasikia, Kiingereza chenyewe, na lori lilikuwa linawashwa hapa nje, ila nilisikia "Shelui" na nikasikia "Alphonce". Wifi Agnes akaficha uso kwenye khanga. Madereva wakapiga makofi ingawa hukuwa umemaliza.

Ujumbe wako wa jioni Magreth amenisomea hadi amechoka. Kwamba hawajachagua bado, ila watu watatu wanakuja Singida mwezi wa tano kuona wenyewe, kwamba walikataa kutumiwa picha. Nimewapenda tayari. Waambie Utemini watafika kwa lami, lakini Ilongero waje na gari la juu. Wakija watakula kwangu. Kuku mwekundu ameangua vifaranga tisa, Kristina ametuma habari, na huyo simchinji hata aje nani, uwaambie mapema wasije wakawa na matumaini.

Kikombe cha bati nimekiosha. Ndicho ninachonywea chai hapa.

Sasa lile kubwa, ndilo nililoandikia barua. Huyo mwenye bangili ni nani? Ni wa nchi gani, ana watoto? Ndiye wa foleni ya chai? Nimemfungia mfuko wa uwele, Nathan atamletea ikiwa bado mko huko. Uniandikie jina lake, mwanangu, uliandike vizuri nilisome mwenyewe. Nataka kumtaja kwenye sala jioni, na siwezi kumwambia Mungu "yule wa bangili", ataniuliza yupi.

Mama yako,
Febronia